Waya wa darasani hauna ukinzani, wa nyumbani unao

Mpe mwanafunzi wa sekondari volti 230 na ampea 8.7, atakwambia bila kusita kwamba ukinzani ni kama omu 26 na nguvu ni wati 2,000. Amegawanya, amezidisha, amepata alama zake. Hesabu ni sahihi, na ndiyo ya birika la kawaida la umeme katika nyumba ya Tanzania. Ila kuna kitu kimeachwa nje: waya. Katika mchoro wa daftarini waya ni mstari mtupu, na kijana humaliza shule akiamini kuwa joto lote hutokea ndani ya birika. Kwa maoni yangu, pengo hilo ndilo linaloifanya kanuni ya Ohm ibaki kuwa ya mtihani, ilhali nyumbani ingeweza kuzuia moto.

Tuurudishe waya basi. Chukua ekstensheni ya mita 10 yenye waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, ile nyembamba ya bei nafuu. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo urefu wa kuhesabu ni mita 20, na ukinzani wake ni karibu omu 0.46. Mbele ya 26 za birika hiyo haionekani kitu, na hapo ndipo watu hudharau. Lakini joto la waya hupatikana kwa kuzidisha mkondo kwa mkondo wenyewe, kisha kwa ukinzani, kama James Joule wa Uingereza alivyoonyesha kwa majaribio yake mwanzoni mwa miaka ya 1840. Birika peke yake huzalisha wati 35 hivi ndani ya waya huo. Chomeka na pasi ya wati 1,000: mkondo unapanda kwa nusu tu, hadi ampea 13, lakini joto la waya linafika wati 78, zaidi ya mara mbili. Waya ukiwa umetandazwa, hewa huupunguzia joto. Ukiwa umeviringishwa au umelaliwa na zulia, plastiki ndiyo hubeba mzigo. Na hiyo ni shaba halisi. Zipo nyaya za alumini iliyopakwa shaba juu, ambazo kwa unene uleule ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu.

Nitaambiwa fyuzi na sakiti breka zipo kwa kazi hiyo. Zipo, lakini zinapima mkondo, hazipimi joto la waya wako. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi haitakatika kwa birika na pasi, ingawa waya wa 0.75 kwa kawaida hukadiriwa kubeba ampea 6 tu. Hatari zaidi ni kiungo kilicholegea kwenye soketi. Kikiwa na nusu omu tu, birika lile litazalisha humo wati 37 hivi, joto la kifaa ambacho fundi redio huyeyushia risasi, katika sehemu isiyozidi ncha ya kidole. Mkondo hauongezeki hata kidogo. Kwa kweli unapungua. Breka haina sababu ya kukata. Wala fundi aliyefunga umeme hayupo siku mwenye nyumba anaponunua ekstensheni yake dukani.

Walimu wana pingamizi lenye uzito zaidi: anayeanza lazima arahisishiwe. Nakubali, wiki ya kwanza. Tatizo ni kwamba waya ukishaondolewa mara nyingi haurudi, wakati kanuni yenyewe ilizaliwa humo. Georg Ohm, mwalimu wa sekondari mjini Cologne, alifikia aliyochapisha mwaka 1827 baada ya kupima nyaya za urefu mbalimbali. Na bila waya, jambo ambalo kila mtaa unalijua halielezeki: kwa nini nyumba ya mwisho wa laini hupata umeme mdogo jioni. Volti zimepotelea njiani, kwenye ukinzani wa nyaya, kwa sababu kila nyumba inavuta mkondo saa hiyohiyo. Zikifika 180, birika letu la omu 26 linatoa wati 1,225 tu, na chai inachelewa bila birika kuwa bovu.

Kulirekebisha hili hakuhitaji maabara mpya. Baraza la Mitihani linaweza kutunga swali moja: ekstensheni hii, urefu huu, unene huu uliochapwa kwenye ganda la waya, birika na pasi vimechomekwa pamoja, tafuta joto linalobaki ndani ya waya, kisha useme kama ungeiacha chini ya zulia. Kipande cha mwisho ndicho ningekipa alama nyingi.