MAGONJWA YALIYOSAHAULIKA, SEHEMU YA 3: Nani kamsahau tegu wa nguruwe?

Mama wa Mbeya, mama wa Iringa, leo tuongee kuhusu kifafa.

Serikalini haya magonjwa yanaitwa "Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele". Yaliyokuwa! Yaani sasa yanapewa. Kichocho, matende, vikope, sawa, dawa zinagawiwa. Tegu wa nguruwe je? Bado yuko kwenye foleni.

Mwaka 1993 jopo la wataalamu wa kimataifa liliutaja ugonjwa huu kati ya machache yanayoweza kutokomezwa duniani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likauweka kwenye magonjwa yake 17. Mwaka 2012 makampuni ya dawa na wafadhili wakakutana London, wakaahidi kupambana na magonjwa 10. Wetu haukuwemo.

Kwa nini? Mengi kati ya yale 10 yana vidonge vya kugawa. Huu unataka choo, banda la nguruwe, mkaguzi wa nyama, na bwana mifugo akae meza moja na nesi. Kazi hiyo haina picha nzuri ya kumpelekea mfadhili.

Bili tunalipa sisi. Mtu anakula kitimoto yenye punje nyeupe, haijaiva, anapata tegu tumboni. Anajisaidia porini, nguruwe anayezurura anakula kinyesi, mambo yanaanza upya. Mayai ya tegu yakiingia mdomoni kwa mtu, kupitia mikono michafu, maji au mboga mbichi, yanaweza kuishia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ndiyo maana hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua.

Halafu jirani anasema karogwa! Acheni hizo. Povu la kifafa haliambukizi. Mwanao akianguka usimkimbie: mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke kituoni. Usimfiche ndani. Na usimnunulie dawa ya tegu kienyeji. Kama uvimbe uko kwenye ubongo, dawa hiyo inaweza kuamsha kifafa zaidi.

Tusisubiri London. Kwenye mkutano wa kijiji simama uulize: nyama yetu nani anaikagua? Hawa nguruwe wanaozurura ni wa nani? Zahanati ina dawa za kifafa mwezi huu? Chanjo ya nguruwe dhidi ya tegu ipo duniani, kwetu inafika lini?

Ugonjwa unasahaulika pale wenye watoto wanaponyamaza.

Sehemu ya 4 kesho. Mtumie na mwenzio.