Neno "Free" Lisitupoteze

Katika maneno ya Kiingereza tuliyojifunza tangu shule ya msingi, sijaona linalotumika ovyo hapa shuleni kama neno "free". Kwa Waingereza ni neno moja, lakini kwa Kiswahili ni maneno mengi, na mwenye kulifasiri kwa neno moja tu hukosea.

Mtu asiye mtumwa wala mfungwa ni "free", yaani huru. Tanganyika nayo ilipata kuwa huru tarehe 9 Desemba 1961. Kiti kisichokaliwa ni "free", yaani kitupu. Rafiki akikuuliza kama u "free" jioni, haulizi habari za utumwa. Ataka kujua kama una nafasi. Kinywaji kisichotiwa sukari huitwa "sugar-free", na hapo neno letu ni "bila". Tena kitu kisicholipiwa ni "free", nasi husema ni cha bure.

Hapo kwenye bure ndipo penye hatari, kwa kuwa neno hilo lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Mtu akisema, "Nimesoma bure," msikilizaji hajui kama hakulipa ada au hakuambulia kitu. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada hadi Kidato cha Nne, kuanzia Januari 2016. Kilichoondolewa ni ada. Lakini hapa Nshamba, kama kwingineko, watu husema "elimu ya bure", na wako wazazi wanaodhani kwamba daftari, sare na nauli ya kurudi bwenini navyo vitajileta vyenyewe.

Sisi wanafunzi nasi tumo. Mwalimu akipata udhuru, darasa hupaza sauti, "Free!" Kipindi kizima hupotea kwa soga, ilhali mtihani wa Taifa wa Novemba hautungoji. Kipindi hicho kweli ni huru, maana hatusimamiwi, lakini si cha bure. Kimelipiwa. Mama anunuapo sabuni dukani hulipa kodi ndani ya bei yake, na kwa kodi kama hizo walimu hupata mishahara nasi hupata maharage yetu.

Wengine watasema kubishania maneno ni kupoteza wakati, maadamu ada imeondoka. Sikubali. Mtu hutunza kitu kwa kadiri ya jina alilokipa. Hata wazee wetu walipopata uhuru, wito wao ulikuwa "Uhuru na Kazi", wala si uhuru peke yake.

Basi nashauri tuseme "elimu bila ada". Na mwalimu asipokuwapo, kiranja aandike zoezi ubaoni, tulifanye kimya. Hapo, siku ya matokeo, hapana atakayesema kwamba tulisoma bure, kwa maana ile ya pili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne