Neno la Mhariri: Mkondo wa Damu ya Kitovu na Wajibu wa Kliniki

Mtoto aliyemo tumboni hupata oksijeni na lishe yake kupitia kondo la nyuma na kitovu, ambacho ndani yake mna mishipa mitatu: vena moja inayomletea damu yenye oksijeni, na ateri mbili zinazorudisha kwenye kondo damu iliyokwisha kutumika. Kondo linapoanza kushindwa kazi, kama inavyotokea mara nyingi kwa mama mwenye shinikizo la damu, dalili zake huweza kuonekana katika ateri hizo kabla mama mwenyewe hajahisi lolote. Toleo hili linatetea hoja moja, kwamba kipimo kinachosoma dalili hizo kiwafikie wajawazito walio hatarini pale wanapohudhuria kliniki, na kisiende popote bila njia ya rufaa.

Msingi wa kipimo ni kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842: masafa ya wimbi, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, hubadilika chanzo na mpokeaji wanapokaribiana au kuachana. Mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio hugonga chembe za damu zinazosafiri, na mwangwi unaorudi hudhihirisha kasi yake. Mwaka 1977 FitzGerald na Drumm walichapisha njia ya kuchunguza damu ya kitovu kwa mawimbi hayo, bila kumchoma mama sindano.

Kinachosomwa ni uwiano wa kasi mbili: ya sistoli, moyo wa mtoto unapojikaza, na ya diastoli, unapolegea. Kondo likiwa zima halina ukinzani mkubwa, hivyo damu huendelea kwenda mbele hata moyo unapolegea. Mishipa ya kondo ikiharibika, mkondo wa diastoli hupungua, kisha hukatika, na mwishowe hurudi nyuma, hali ambayo ni hatari kubwa kwa uhai wa mtoto.

Uchambuzi wa Cochrane uliokusanya majaribio mengi ulionyesha kwamba, katika mimba zenye hatari, kipimo hiki kilihusishwa na upungufu wa takriban asilimia 29 wa vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa. Kwa mimba zisizo na hatari faida hiyo haijathibitika, na ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 haukupendekeza kila mjamzito apimwe. Hata hivyo, kifaa chepesi cha Umbiflow, kilichobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya kliniki za kawaida, kimekwisha kufanyiwa utafiti pia nchini Kenya na Rwanda, na hivyo hoja kwamba teknolojia hii ni ya hospitali kubwa peke yake imepoteza nguvu.

Lakini kifaa peke yake hakiokoi mtu. Kipimo kikisomwa vibaya, mtoto huweza kuzalishwa kabla ya wakati bila sababu. Kikisomwa vizuri mahali pasipo na gari la wagonjwa, chumba cha upasuaji wala huduma ya watoto njiti, mama hubaki na habari mbaya isiyo na tiba. Kwa hiyo wizara za afya za Afrika Mashariki zinaombwa, kabla ya kununua vifaa, zitenge fedha za kuwafundisha wakunga, ziandike utaratibu wa rufaa, na zianze na mama mwenye shinikizo la damu na yule ambaye mimba yake haikui ipasavyo.