Foromali Haingoji Tafsiri

Wako wenzetu waliozoea kudai kwamba Kiswahili hakina haja ya kujishughulisha na mashua ndogo za michezo, zile ziendeshwazo na mtu mmoja au wawili. Ni mchezo wa wageni, wanasema, na uachiwe lugha ya wageni. Dai hilo tunalikataa, wala si kwa ajili ya heshima ya lugha peke yake. Hapo pana vichwa vya watoto.

Natulieleze jambo lenyewe. Chombo kinapokwenda na upepo wa nyuma, tanga hutanuka upande mmoja. Mwendeshaji akigeuza njia hata tezi, yaani nyuma ya chombo, ikapita katika upepo, tanga halina budi kuhamia upande wa pili. Katika mashua hizi ukingo wa chini wa tanga umeshikwa na mti wa mbao au wa alumini, uliofungwa mlingotini kwa bawaba. Upepo ukilipiga tanga kwa upande wake wa nyuma, mti huo huruka ubavu hadi ubavu kwa kufumba na kufumbua, kwenye kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi. Kiuzuiacho ni kamba ya demani. Ivutwe kwanza hata mti ukaribie katikati ya chombo. Ndipo usukani ugeuzwe taratibu. Na mara tanga lihamapo, kamba ilegezwe upesi bila kuachwa, na usukani urudishwe, ama sivyo chombo kitazunguka kukabili upepo na huenda kikapinduka. Katika mashua aina ya Laser upo udhia zaidi: kamba hiyo hupenda kunasa kwenye pembe ya tezi, hivyo huna budi kuinyakua kwa mkato mmoja wakati mti unapopita. Upepo ukiwa mkali mno, mwenye busara haoni haya kuzunguka njia ndefu, omo ndiyo ipite katika upepo.

Haya yote hutendeka kwa muda wa pumzi mbili. Mtoto wa Entebbe anayepigiwa ukelele wa Kiingereza asioufahamu huinua kichwa ili aulize maana. Hapo ndipo mti unapomkuta.

Basi neno lipi? Wapo wanaotaka tuandike “bumu”. Ajabu! Bumu tangu zamani ni chombo kizima, jahazi la Ghuba lililochongoka mbele na nyuma. Na kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania, bumu ni fedha za kujikimu. Mwambie mwanafunzi “Bumu linakuja!” uone kama atainama au atanyosha mkono.

Upande wa pili wamesimama washika-asili, nao tunawaheshimu zaidi, lakini hawajapona. Wao husema neno lipo: kukisi tanga. Ni kweli lipo, na ni zuri. Ila mabaharia wa jahazi wanapokisi, demani huachiwa, tanga likapeperuka mbele. Foromali husimamishwa kando ya mlingoti, ikapitishwa mbele yake hadi upande wa pili, kisha kamba zikafungwa upya. Jahazi halina mti wa chini. Atakayelifuata neno hilo kwa desturi ya jahazi, akaiachia kamba pale inapopasa kuvutwa, ameuita mti huo kichwani mwake mwenyewe. Kurithi neno bila kufundisha tendo jipya lililomo ndani yake ni uvivu uliovaa kanzu.

Rai yetu ni hii. Mti huo uitwe foromali ya chini, maana “mlingoti wa chini” ni kosa: mlingoti husimama. Kukisi kubaki, lakini kufundishwe pamoja na kuvuta demani kwanza. Na amri ziwe fupi: “Tayari kukisi!”, ajibiwe “Tayari!”, kisha “Inama!”

Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, kamati za istilahi zimekuwa tumaini letu. Twaziomba zisiketi hotelini na kamusi peke yake. Waitwe manahodha wa Lamu na Unguja, waitwe na vijana wa mashua za ziwani, wote wakae kwenye mashua moja, na mjumbe wa kamati aketi pale foromali ya chini inapopita.