MLEVI NA MGONJWA WA AKILI: JE, ADHABU IWE MOJA?

Pombe si chai, na wazimu si ulevi. Wenzangu wapenzi na walimu wetu waheshimiwa, hiyo ndiyo hoja yangu.

Mimi naishi Kawangware. Ndani ya matatu nambari 46 kwenda mjini, habari ya mauaji ikitangazwa redioni, utasikia mmoja akisema, "Hakuwa na akili zake huyo, asamehewe!" Mwingine anamrukia, "Damu ni damu bwana, anyongwe!" Mimi naona wote wawili wamepotoka.

Sheria yetu yasemaje? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 12, yasema kwamba mtu hana hatia ikiwa ugonjwa wa akili ulimfanya asielewe alitendalo, au asijue kwamba halifai. Wazo hili tulilirithi kwa Waingereza, kutokana na kesi ya M'Naghten ya London mwaka 1843. Kifungu cha 13 nacho chasema ulevi si kinga, isipokuwa mtu alileweshwa bila ridhaa yake, au pombe ilimtia wazimu kabisa. Hata hivyo, jaji hupima kama mlevi alikuwa na nia ya kuua. Akikosa nia hiyo, kosa huwa ni kuua bila kukusudia, naye huepuka hukumu ya kifo.

Sasa tazameni maajabu! Mlevi huhesabiwa miaka yake, akiimaliza anarudi kwao. Je, mgonjwa? Kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kiliagiza atajwe kuwa "ana hatia lakini ni mwendawazimu," kisha azuiliwe kwa hiari ya Rais. Ripoti ya kwanza juu yake ilitakiwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Tarehe ya kutoka haikuwapo. Yaani aliyejinywea changaa kwa hiari yake alijua siku ya kutoka, na aliyeugua hakujua! Nashukuru kwamba mwaka 2022 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kumzuilia mtu hivyo bila kikomo ni kinyume cha Katiba.

Mtaniuliza, "Akitoka akaua tena je?" Hofu hiyo ina msingi, na jamaa za marehemu wana haki ya kusikizwa. Ndiyo maana sisemi aachiliwe ovyo. Nasema atibiwe Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910. Daktari atoe ripoti mara kwa mara, na uamuzi uwe wa jaji, mahakamani, mbele ya pande zote.

Na mlevi? Asipewe chupa kama mwavuli. Anayejua kwamba akilewa huchomoa kisu, naye bado akaenda kunywa, amechagua. Apewe kifungo chake, na humo gerezani asaidiwe kuacha pombe.

Mwisho, vijana wenzangu, tukome kuwacheka wale tunaowaona barabara ya Tom Mboya wakizungumza peke yao. Ukimwona jirani ameanza kubadilika, waambie jamaa zake wampeleke hospitalini mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa damu ya watu.