Kadi Moja, Mtu Mmoja: Niliyojifunza Kati ya Moi Avenue na Westlands

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuhama mji wala kompyuta yangu haikuharibika. Nilikuwa nimezama kwenye kazi ya kuwawekea watu fulani kadi za kuingilia kwenye mtandao wa kampuni yao. Sasa imekwisha, na nina la moyoni.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Makao yake yako ghorofa ya nne, Moi Avenue, ina tawi Westlands na ghala Kangemi. Kompyuta zote ni kama 60. Mimi ni mwandishi wa programu, si mtu wa nyaya, lakini programu yao ya mauzo niliiandika mimi, kwa hiyo jambo likiharibika wananipigia mimi.

Na jambo liliharibika. Siku moja programu yangu ilionyesha kwamba karani wa kaunta ya Westlands amerudishia mteja shilingi 84,000. Mteja huyo hakuwepo. Karani akasimamishwa kazi jioni hiyohiyo. Dada wa watu alilia akisema saa ile alikuwa ameshuka kula. Nikaulizwa, "Fundi, kompyuta inasemaje?" Nikasema ukweli: kompyuta inasema ni yeye. Jina lake, nywila yake, mezani pake.

Unajua kilichomwokoa? Si programu yangu. Ni daftari la askari wa mlangoni. Askari alikuwa ameandika kwa kalamu ya biki saa aliyotoka na saa aliyorudi. Tulipouliza zaidi, tukakuta nywila yake inajulikana na watu wanne, mmoja wao akiwa msimamizi wake. Akarudishwa kazini. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, maana kazi yangu ya miaka mitatu ilikuwa imeshindwa na daftari la shilingi 100.

Usidhani ni mambo ya kampuni ndogo tu. Mnakumbuka sakata la Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, mwaka 2015? Shilingi milioni 791. Mojawapo ya mambo yaliyosikika wakati ule ni afisa wa ngazi ya juu kudai kwamba nywila yake ya IFMIS, ule mfumo wa malipo wa serikali, ilitumiwa na watu wengine. Sitaki kuamua nani alikuwa mkweli. Ninachotaka uone ni kwamba nywila inaruhusu hadithi zote mbili. Mwizi anaweza kusema ameibiwa, na aliyeibiwa anaweza kuitwa mwizi. Mfumo wenyewe hauna la kusema.

Basi bosi akaamua: tununue kadi za chipu. Kila mtu kadi yake, bila kadi huingii.

Kwa wasiojua, kadi hizi hufanya kazi hivi. Ndani ya chipu kuna kompyuta ndogo kabisa. Usishangae, unayo moja tayari: laini ya simu yako ni kadi ya aina hiyohiyo. Ndani ya kadi huwekwa ufunguo wa siri ambao hautoki nje kamwe. Unapoingiza kadi kwenye kisomaji, kompyuta huiomba itie sahihi ombi lako la kuingia, pamoja na saa ya ombi hilo. Kadi hukataa mpaka uandike PIN. Kisha hutia sahihi humohumo ndani, na seva huikagua sahihi hiyo kwa kutumia cheti chako. Nywila haipiti popote, kwa hiyo hakuna ya kuchungulia wala ya kunakili. Na si teknolojia ya jana. Windows 2000 ilikuwa nayo, na utaratibu wake wa Kerberos uliandikwa katika RFC 4556 mwaka 2006.

Upande wa ufundi ulinitoa jasho, nitataja matatu ili wewe usiteseke.

Kwanza, orodha ya vyeti vilivyofutwa. Kila mtu anapoingia, seva huangalia kama cheti chake hakijafutwa. Orodha hiyo nayo ina tarehe ya kuisha. Kwenye seva ya vyeti ya Windows kawaida ni wiki moja. Sisi stima ilipotea Alhamisi, seva ya vyeti haikuwaka tena, na hakuna aliyegundua. Jumatatu asubuhi orodha ilikuwa imekwisha muda. Hakuna mtu hata mmoja aliyeingia, si mjini, si Westlands, si Kangemi. Kadi zilikuwa nzima, PIN zilikuwa sawa. Nilipigiwa simu 11 kabla sijanywa chai.

Pili, kufunga skrini kadi inapotolewa. Niliweka kanuni kwenye Active Directory, nikajipongeza. Nikachomoa kadi: skrini ikabaki wazi kama mlango wa kilabu. Kumbe kuna huduma ya Windows inayotakiwa kuwa inaendeshwa kwenye kila kompyuta ili kanuni hiyo ifanye kazi, inaitwa Smart Card Removal Policy, nayo haiwaki yenyewe. Iwashe, kisha jaribu kwa mkono wako mwenyewe.

Tatu, vyeti vya zamani. Mei 2022 Microsoft ilianza kubana namna cheti kinavyofungwa na akaunti ya mtu, na mwaka 2025 seva zikaanza kukataa vyeti visivyofungwa kwa njia imara. Ukirithi kadi zilizotolewa zamani, kagua hilo kwanza kabla hujamlaumu mtu.

Hayo yote yana dawa. Lililonishinda mwanzoni si la ufundi.

Wiki tatu baada ya kuanza nilipanda matatu kwenda Westlands kuangalia mambo. Waiyaki Way ilikuwa imeziba kama kawaida, nikafika saa sita unusu. Kaunta haina mtu. Kwenye kisomaji, kadi imechomekwa. Pembeni ya skrini, kipande cha selotepu chenye tarakimu sita. Kadi ilikuwa ya yule yule dada aliyeokolewa na daftari!

Nilitaka kukasirika. Aliporudi nikamuuliza, "Dada yangu, baada ya yote yale?" Akanijibu kwa upole, "Nifanye nini, bro? Kurudisha pesa kunahitaji idhini ya msimamizi. Msimamizi ana mikutano mjini siku tatu kwa wiki. Mteja amesimama hapa ananitukana. Basi msimamizi aliniachia kadi yake, na nikienda kula mwenzangu anatumia yangu. Hakuna njia nyingine ya kazi kwenda."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kumbe watu wale hawakuwa wazembe. Sheria ya idhini niliiandika mimi mwenyewe, ndani ya programu: mtu mmoja tu anaweza kuidhinisha, kwa matawi yote. Niliiandika siku moja tu, bila kuuliza msimamizi hukaa wapi. Watu wakatafuta njia ya kuizunguka, kama maji yanavyotafuta bonde. Kadi haikuondoa sababu ya kuazimana, ilibadilisha tu kitu kinachoazimwa.

Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Kuazimana kadi ni hatari kuliko kuazimana nywila, na anayebeba hatari hiyo ni mdogo. Zamani karani angeweza kusema, "Nywila yangu inajulikana ofisi nzima," na mtu mwenye akili angemsikiliza. Leo kumbukumbu inasema: kadi yako, PIN yako, sahihi isiyoweza kuigizwa. Nani atamwamini? Daftari la askari litashindana vipi na hesabu za namna hiyo? Tena tangu Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kumpa mtu njia ya kuingilia kwenye mfumo bila ruhusa ni kosa la jinai. Kwa hiyo tumempa karani kitu kinachomtia hatiani vizuri zaidi, halafu tukamwachia mazingira ambayo hawezi kukitunza. Hiyo si usalama. Hiyo ni kumwekea mtu mtego na kuuita ulinzi.

Msimamo wangu basi ni huu: kampuni inayodai "kadi moja, mtu mmoja" ina deni. Kabla ya kumwadhibu mtu kwa kuazima kadi, ihakikishe kwamba kazi yake inaweza kufanyika bila kuazima.

Sisi tulilipa deni hilo hivi. Nilibadilisha programu: kila tawi lina waidhinishaji wawili wanaokaa palepale, na kuna kikomo cha pesa ambacho karani anaweza kurudisha mwenyewe, kwa jina lake. Aliyesahau kadi nyumbani hupewa kadi ya muda ya siku moja, na kutolewa kwake kunaandikwa. Aliyefunga kadi kwa kukosea PIN hufunguliwa Westlands hukohuko, halazimiki kupanda matatu hadi mjini na kurudi, nusu siku imekwenda. Na kadi hiyohiyo sasa ndiyo inayofungua mlango wa kwenda ngazini na chooni. Hili la mwisho limefanya kazi kuliko semina zote mbili nilizotoa. Mtu haachi kadi mezani ikiwa ataihitaji dakika chache baadaye!

Najua wapo watakaoniambia kadi ni mambo ya kale, siku hizi kuna funguo za FIDO2, kuna alama za vidole, kuna simu. Kweli, na kama unaanza leo ziangalie zote. Lakini swali ni lile lile. Ufunguo wa USB huachwa kwenye kompyuta kama kadi, na simu huachwa mezani "kwa dakika moja tu". Tunaoandika programu tunapenda kujiuliza kama mlango ni imara. Mara chache tunauliza kwa nini watu wanaushikilia wazi kwa tofali.

Yule dada bado yuko kaunta. Juzi nilipopita alikuwa anatoka kula, kadi inaning'inia shingoni. Akanionyesha kwa mbali, akacheka. Mlangoni askari bado anaandika kwa biki. Bosi alitaka daftari liondolewe, eti sasa tuna kadi. Nilimwomba aliache.

Kwa leo niishie hapo, chai inapoa. Kama ofisini kwenu kuna kadi ya mtu iliyochomekwa na mwenyewe hayupo, usimripoti kwanza. Muulize kwa nini.