Vishipa vya Miguuni na Nuru ya Leza



Mama mmoja, ambaye wanawe husoma kwangu, aliniuliza: "Mwalimu, nimeweka akiba nikaondolewe kwa leza vishipa vya miguuni. Waonaje?" Mimi si tabibu, lakini niliyojifunza kwa matabibu nitayasema.

Vishipa hivyo ni vyembamba, vyekundu au vya samawati, vimetanda kama utando wa buibui. Huletwa na urithi, uzazi, umri, na kusimama mno. Aghalabu havina madhara. Basi mwenye navyo asione haya.

Ama leza, iliyoundwa kwanza mwaka 1960 na Theodore Maiman wa Marekani, ni nuru yenye nguvu. Damu huinywa nuru hiyo ikapata moto, kishipa kikajifunga, na mwili ukakiondoa kwa majuma au miezi. Mara moja aghalabu haitoshi. Tena kwa vishipa vya miguu, matabibu wengi hutanguliza sindano ya dawa ya kuvifunga.

Lakini angalieni! Weusi wa ngozi nao huinywa nuru hiyo. Leza isiyofaa huunguza na kuacha mabaka. Muulizeni tabibu kama leza yake ni ya nanomita 1064, iliyo salama zaidi kwa ngozi yetu, na kama amekwisha kutibu watu wa rangi yetu.

Na mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, hilo si jambo la urembo: kimbilieni hospitali, huenda damu imeganda ndani.

Yule mama nilimwambia aanze kwa tabibu, na akiba ingali kibindoni.

Wassalaam.